Naomba mfano mmoja: mchango wa mbunge wa upinzani ulioishia kwenye sheria

Mwl_Uraia:

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Uraia kidato cha tatu na cha nne, sekondari ya kata huku Ruvuma. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya Bunge. Nikaandika ubaoni kwamba upinzani bungeni una kazi ya kuisimamia Serikali na kutoa sera mbadala. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, ni mpinzani gani alisema kitu bungeni kikawa sheria?" Nikamjibu kwa maneno ya kitabuni. Aliandika kwa adabu, ila nilimwona hakuridhika, na mimi pia sikuridhika.

Hawa watoto wana miaka 16 na 17. Matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kwenye TBC yaliposimamishwa Januari 2016 walikuwa bado wadogo mno. Bunge lililochaguliwa 2020 nalo lilikuwa na wapinzani wa kuhesabu. Hawajawahi kumwona Waziri Kivuli, yaani msemaji wa upinzani kwa wizara fulani, akisoma hotuba yake baada ya Waziri, wala mbunge akishika shilingi, yaani akizuia mshahara wa Waziri mpaka ajibiwe, hadi saa mbili usiku. Ukiwaambia upinzani unashauri, wao wanasikia ugomvi tu.

Naomba mfano mmoja, si kumi. Mbunge wa upinzani, jambo la ndani ya nchi, na alama iliyobaki kwenye sheria. Nataka niutumie kipindi kizima, na sitaki kufanya kampeni darasani.

Mhasibu_Mstaafu:

Mwalimu, pole na kazi. Chukua Buzwagi, 2007.

Zitto Kabwe alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, hajatimiza miaka 31, na chama chake kilikuwa na wabunge 11 tu. Agosti 2007 alileta hoja binafsi akitaka Bunge liunde kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, pale Kahama. Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa ameusaini London mwezi Februari. Kiini cha hoja kilikuwa chepesi kueleweka: Rais ameshasema mikataba ya madini ipitiwe upya, sasa huu mpya umesainiwa kwa haraka gani, na kwa nini nje ya nchi?

Hoja ilikataliwa. Haikuishia hapo, Bunge likamsimamisha yeye mwenyewe kwa miezi kadhaa, kwa madai kwamba amesema uongo dhidi ya waziri. Nilikuwa ofisini nikisikiliza redio ndogo ya betri iliyokaa juu ya kabati la faili. Tulikuwa wanne, na hakuna aliyesema neno. Mwenzangu mmoja, kada wa CCM wa siku nyingi, alizima redio akatoka nje.

Mwambie kijana wako aanzie hapo, kwenye kushindwa. Maana watu wengi wanaishia hapo wakidhani habari imekwisha. Wapinzani wakazunguka nchi na mikutano, na mkataba wa madini ukawa gumzo kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye daladala. Novemba ya mwaka huo huo Rais Kikwete akaunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na mmoja wa wajumbe akawa huyo huyo Zitto aliyefungiwa mlango wa Bunge. Taarifa ikatoka 2008. Aprili 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini.

Sasa nije kwenye kile ninachokijua kwa mikono yangu, hesabu. Chini ya sheria ya 1998, mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mgodi kwa Serikali kwa madini yanayochimbwa, ulikuwa asilimia 3, tena ya thamani iliyobaki baada ya mgodi kutoa gharama zake za kusafirisha na kusafisha. Sheria ya 2010 ikaweka asilimia 4 ya thamani ghafi. Watu huishia kwenye hiyo namba kutoka 3 kwenda 4. Kwangu uzito uko kwenye neno "ghafi". Ukiniruhusu nitoe gharama zangu kwanza ndipo nikukatie chako, mwenye kalamu ni mimi. Waandikie ubaoni dhahabu ya shilingi milioni 100, wakate gharama za kubuni za milioni 5, wakokotoe njia zote mbili. Wataona wenyewe.

Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa mhasibu kwenye halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa yenye mgodi mkubwa. Sheria ya fedha za serikali za mitaa wakati ule ilisema kampuni ilipe ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mapato yake ghafi. Mikataba ile ya zamani ikasema mgodi utalipa dola 200,000 kwa mwaka, basi. Kwenye leja yangu ulikuwa mstari mmoja, namba ile ile kila mwaka, dhahabu ipande isipande. Mstari wa chini yake ulikuwa wa wenye maduka na mashine za kusaga, na wao walikuwa wanadaiwa kwa asilimia. Nilikuwa namwandikia mwenye mashine notisi ya madai huku malori ya mgodi yanapita nje ya dirisha. Ndiyo maana siku kijana wa Kigoma aliposimama kusema "mkataba", mimi nilikaa nikasikiliza.

Tahadhari mbili, Mwalimu. Karamagi alijiuzulu Februari 2008, lakini ilikuwa kwa sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, pamoja na Waziri Mkuu Lowassa. Si Buzwagi, usiwachanganyie watoto. Pili, migodi yenye mikataba ya zamani haikuguswa siku ile ile sheria ilipopita. Mikataba ilikuwa imewekewa ulinzi dhidi ya mabadiliko ya sheria.

Mwana_Uvinza:

Mzee ameeleza vizuri, ila mimi ningemchagua David Kafulila na Escrow, 2014.

Kafulila alikuwa mbunge wetu, Kigoma Kusini, NCCR-Mageuzi. Alilisimamia suala la fedha zilizotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 306, wakati wakubwa wanamwambia hajui anachosema. Likaenda kwa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na TAKUKURU, likarudi kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali, na Novemba 2014 kamati ikasoma taarifa yake bungeni. Huku kwetu watu walikaa kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira, wameweka Bunge badala ya ligi ya Uingereza. Desemba Mwanasheria Mkuu akajiuzulu na Waziri wa Ardhi akaondolewa. Januari Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu.

Najua Kafulila baadaye alihamia CCM, lakini alichokifanya mwaka ule kimeandikwa kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge.

Mhasibu_Mstaafu:

Mwana Uvinza, sikupingi. Ile Novemba nilikuwa nimeshastaafu, na niliisikiliza taarifa yote nimekaa kwenye mkeka. Ila Mwalimu ameomba alama kwenye sheria, na Escrow iliondoa watu. Buzwagi iligusa maandishi.

Lakini umenikumbusha jambo. Mwenyekiti wa kamati ile alikuwa Zitto, na makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kwa CCM. Huyu ndiye aliyetia saini pia ile orodha ya Aprili 2012 ya kutaka hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda, baada ya taarifa za CAG. Katiba inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Hoja haikufika kupigiwa kura, lakini Mei Rais akapangua Baraza la Mawaziri. Filikunjombe alifariki kwa ajali ya helikopta Oktoba 2015, katikati ya kampeni. Mwalimu, uko jirani na Ludewa, huenda darasani kwako yumo mtoto mwenye ndugu wa huko. Mtaje.

Kijiwe_Posta:

Naomba kutofautiana kidogo na wazee wangu. Sheria ya 2010 ilipitishwa na kura za CCM. Na kilichobadilisha mambo hasa ni 2017: mrabaha asilimia 6, Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi, na Januari 2020 ikaja Twiga, kampuni ya ubia ya madini, Barrick asilimia 84 na Serikali 16. Hayo yalifanywa na Magufuli, hakuna mpinzani hapo. Tusimpe mtu sifa kwa sababu tu aliongea kwanza.

Mhasibu_Mstaafu:

Mwanangu, kura zilikuwa za CCM, ni kweli kabisa, na bila hizo hakuna sheria. Sijasema Zitto alitunga sheria. Nimesema aliliweka jambo mezani wakati mwenye wingi hakutaka liwekwe, na akaadhibiwa kwa kuliweka.

Kuhusu 2017, ile miswada ya rasilimali ililetwa kwa hati ya dharura, ikapita ndani ya siku chache. Mimi niliifurahia asilimia 6, nakiri. Lakini mbunge wa upinzani aliyeomba muda wa kuisoma alikuwa anafanya kazi ile ile ya 2007. Kama haraka ilikuwa kosa London, haiwezi kuwa sifa Dodoma.

Mwl_Uraia:

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Nimesoma mara mbili.

Nimeamua hivi. Kipindi cha kwanza tutafanya ile hesabu ya milioni 100, kabla sijataja jina la mtu wala chama. Wakishapata majibu mawili tofauti wenyewe, ndipo nitawaeleza Agosti 2007. Kipindi cha pili nitagawa darasa: upande mmoja unaunga mkono hoja ya kamati teule, mwingine unaipinga, na yule kijana wa nyuma nitamweka kwenye kiti cha Spika. Hoja ya Kijiwe Posta nitawapa wanaopinga, maana ina nguvu na watoto wataitaka.

Mzee, swali moja. Nikiifungua Hansard kwenye tovuti ya Bunge nahofia ukurasa hauishi. Wewe ungewasomesha kipande gani?

Mhasibu_Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Usiwape hotuba nzima, watachoka. Tafuta ile siku ya hoja yenyewe, uwape pale mtoa hoja anapoanza kusoma mpaka mbunge mwingine wa kwanza anaposimama kumpa "taarifa" na kumkatisha. Halafu wape kurasa za mwisho, Spika anapowahoji wabunge. Waambie waangalie na yale maneno ya kwenye mabano, "Makofi", yameandikwa wapi na nani alikuwa anaongea. Mimi hapo ndipo nilipojifunza kuisoma Hansard.

Ukimaliza kipindi, urudi hapa utuambie Spika wako aliamuaje.