Mteja ametuletea jedwali la hewa ya kaboni, lita nizitoe wapi?

MhasibuThika
Hamjambo wenzangu. Ni mhasibu wa kiwanda cha katoni Thika, wafanyakazi 62. Wiki jana mteja wetu mkubwa, kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, alituma jedwali: dizeli tuliyochoma 2025, stima, kuni za boila. Anataka majibu Ijumaa. Bosi anasema hizo ni sheria za wakubwa, nijaze namba yoyote nirudishe. Siwezi, jina litakalokaa pale chini ni langu. Shida, vitabu vyangu vina shilingi, havina lita. Madereva hujaza kwa pesa taslimu na risiti nyingine zimefifia, inasomeka jumla tu. Je, sheria inatubana kweli?

MkaguziNakuru
Nyinyi bado. Ratiba ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, ya viwango vya IFRS S1 na S2 (vya kimataifa vya kuripoti uendelevu na tabianchi) inaanza kulazimisha kampuni zenye maslahi ya umma, kama zilizo kwenye soko la hisa, 1 Januari 2027, kubwa nyingine 2028, ndogo na za kati 2029. Lakini mteja wako yuko kundi la kwanza, na katoni zako zinaingia kwenye skopu 3 yake, yaani moshi usio wake mwenyewe bali wa mnyororo wake, wakiwemo wanaomuuzia. Mwaka wa kwanza S2 inamruhusu kuiacha. Wa pili haimruhusu, ndiyo maana anakusanya mapema.

MvukeNaUpepo
Dada, hizo risiti zinatosha. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14, mji kwa mji. Gawanya shilingi kwa bei ya kipindi hicho, upate lita. Andika wazi kuwa ni makadirio na umeyafikiaje. Viwango vinayakubali yakiwa na msingi. Lita moja ya dizeli hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Kwa stima soma yuniti kwenye bili. Na tafadhali usichukue kigezo (kilo za kaboni kwa kila yuniti) cha nchi nyingine! Stima yetu kwa wingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Ukitumia cha nchi ya makaa ya mawe utajipaka masizi yasiyo yako.

MhasibuThika
Mungu awabariki. Nimemaliza Machi: lita 512, na zaidi ya nusu ni jenereta! Sote tulidhani ni malori. Nimemtumia bosi, amepiga simu saa hiyo hiyo kuuliza miezi mingine. Kesho mlinzi anapata daftari la lita na kilomita. Kuni je? Tunanunua kwa lori.

MkaguziNakuru
Lipitishe kwenye mizani likiwa limejaa, kisha likiwa tupu. Kuni ziweke mstari wake, usizichanganye na dizeli.