Muhuri, skrini au batiki kwa ruwaza ya mkeka?

MjukuuWaPemba
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nasoma ubunifu wa nguo mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Kazi ya mwisho ninayotakiwa kukabidhi ni mita 8 za kitambaa nilichobuni na kukichapa kwa mkono wangu mwenyewe, na zimebaki wiki 6.

Wazo langu limetoka kwenye mkeka wa bibi. Nimeulalia tangu utotoni: ukindu wa zambarau na kijani, sehemu tulipokuwa tukikaa sana rangi imeshafifia ikawa kama majani makavu. Nataka kitambaa ambacho mtu wa kwetu akikitupia jicho tu aseme "huu ukili", yaani ule msuko wa mkeka, kabla sijafungua mdomo.

Nimejaribu njia tatu kwenye vipande vya marekani.

Muhuri: nilichonga soli ya kandambili kwa wembe, nikaigandisha kwenye kibao kwa gundi. Inachongeka kirahisi na inashika rangi, ila nikishapiga mara 20 hivi mifereji inajaa rangi na ncha zinapotea. Mita moja ilinila karibu saa nzima.

Skrini: fremu ya mbao, wavu, na stensili ya karatasi. Mita moja dakika 10, mistari safi kabisa. Lakini nikikitazama naona kitambaa cha dukani. Mkono wangu siuoni.

Batiki: rangi zake ndizo nilizozipenda kuliko zote, na ile mipasuko myembamba ya nta imenikaa moyoni. Tatizo nta ilitambaa, na ukili wangu ukageuka mawingu.

Nilijaribu pia uji wa muhogo badala ya nta, kama wafanyavyo Wayoruba kwenye adire eleko. Ulikauka vizuri, ila nilikilaza kitambaa ndani ya rangi muda mrefu mno, uji ukalainika ukabanduka. Huko nitarudi nikishamaliza chuo.

Mngekuwa nyinyi mngeshika ipi?

FundiSkrini
Dada, mita 8 kwa wiki 6 ni skrini, wala sisiti. Karatasi ndiyo inayokuangusha, achana nayo. Paka emulsheni (dawa inayoganda ikipigwa na mwanga) kwenye wavu gizani, ikauke, weka mchoro juu, iweke juani, kisha osha. Kwa nguo tafuta wavu namba 43, yaani nyuzi 43 kwa sentimita. Ukienda mwembamba zaidi ya hapo rangi yenye binda (gundi ya kuishikisha kwenye kitambaa) itaziba matundu. Meza uitandike blanketi na turubai juu yake, skrini inataka kulalia kitu kinachobonyea kidogo. Na usichape miraba inayofuatana: chapa moja, ruka moja, zikikauka urudi kujaza, la sivyo fremu itakanyaga rangi mbichi.

Kama emulsheni yako ni ile ya zamani inayochanganywa na unga wa chungwa wa daikrometi, vaa glavu na usiifanyie jikoni. Ni sumu, na nimeona vijana wanaishika kama sukari.

Kuhusu mkono wako kutoonekana: ulichora kwa rula au kwa brashi? Skrini inatoa kile ulichoipa. Chora kwa wino na brashi, utajiona.

MamaNta
Marahaba mwanangu. Nta ilitambaa kwa sababu ilikuwa ya moto kupita kiasi au kitambaa kilikuwa bado na wanga wa kiwandani. Hiyo marekani uliichemsha na sabuni kwanza? Usipoichemsha, si nta wala rangi itakayokaa sawasawa. (Jina lenyewe lina historia: karne ya 19 kitambaa hicho kilikuja Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts, wazee wakakiita kwa nchi kilikotoka, na mpaka leo tunakiita hivyo hata kikifumwa hapahapa.)

Nta ya mshumaa peke yake inapasuka sana, ya nyuki inanyumbulika. Changanya zote mbili uamue mwenyewe unataka mipasuko kiasi gani. Utajua joto limefika pale nta inapopenya mpaka upande wa pili na kitambaa kinakuwa kama kioo. Ikibaki nyeupe juu juu, imepoa, rangi itapita chini yake. Sufuria ya nta iweke ndani ya sufuria ya maji, usiitenge motoni moja kwa moja. Nta ikishika moto haizimwi kwa maji, funika na mfuniko. Na kostiki, ile soda kali ya kuchanganyia rangi ya batiki, unaitia wewe kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki.

Ila nikwambie ukweli, hata mimi niliyeishi kwa batiki miaka yote hii, mistari myembamba ya ukili singeichora kwa brashi ya nta. Ningechonga sponji ya godoro, niichovye kwenye nta, nipige kama muhuri. Hapo unapata rangi za batiki na ruwaza inabaki.

Chonga_Mfenesi
Muhuri wa mbao. Kandambili ni nzuri kwa kujaribia, lakini mita 8 haikufikishi. Mimi natumia mfenesi uliokauka vizuri, na mifereji naichimba zaidi ya milimita 5, hapo rangi haijai upesi. Kama muhuri ni mpana, toboa matundu madogo mpaka upande wa mgongo hewa ipite, mafundi wa India ndivyo wafanyavyo. Kisha uloweke kwenye mafuta siku kadhaa ndipo uanze kazi. Baadhi ya kanga za zamani nazo zilipigwa kwa mihuri ya mbao, kwa hiyo hutakuwa umeazima kitu cha wageni.

MshonaMikeka
Wanangu, mmeongea rangi na vyombo, mkeka wenyewe hamjauuliza.

Nimesuka tangu sijavunja ungo. Mkeka hausukwi wote kwa pamoja kama nguo kwenye kitanda cha mfumi. Kinasukwa kwanza kile kipande kirefu chembamba, ndio ukili, halafu unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upatikane. Na ndani ya ukili miyaa, vile vipande vya majani vinavyosukwa, haiendi wima na mlalo kama nyuzi za kitambaa, inakwenda mshazari, inafika ukingoni inakunjwa na kurudi. Ndiyo maana maua ya mkeka yana meno, na ndiyo maana pale kili mbili zinapokutana ua haliungani sawasawa, linachepuka kidogo.

Binti, nina hakika umechora miraba iliyosimama wima. Ukifanya hivyo utapata sakafu ya vigae, uchape kwa muhuri, skrini au nta.

MjukuuWaPemba
Bi Mkubwa, shikamoo. Nimesoma maneno yako jana usiku nikaenda kuutandika mkeka sakafuni. Ni kweli tupu. Miaka yote nimeulalia na sikuwahi kuona kwamba hakuna mwaa hata mmoja uliosimama wima.

Leo nimechonga muhuri mpya, wa kandambili bado, upana wa vidole vinne, mistari yote mshazari. Nimeupiga kwa kwenda chini, mkanda mmoja mpaka mwisho, ndipo nikaanza wa pili ubavuni. Penye maungio sikulazimisha maua yakutane. Dada yangu alipita na ndoo ya maji, akasimama, akaniuliza: "Mbona umechora mkeka wa bibi?" Nilikuwa sijamwambia kitu.

Kwa hiyo nakwenda na muhuri wa mbao, mkanda kwa mkanda. FundiSkrini, naomba usinielewe vibaya: nimechapa pia kwa skrini ruwaza hiihii ya mshazari, imetoka nzuri kuliko mwanzo, lakini fremu inachapa mikanda sita kwa pamoja na maungio yote yanafanana. Kwenye mkeka kila ungio lina lake. MamaNta, marekani sikuichemsha. Nitaichemsha yote kesho, na kipande kimoja cha mita nitakipiga kwa sponji na nta kama ulivyoelekeza, nikiweke pembeni ya kazi.

FundiSkrini
Sijakwazika, ungio limenishinda hapo. Ila rangi ya muhuri ikiwa ya binda, lazima uipige pasi ya moto kama nyuzijoto 150, dakika 3 mpaka 5 kila sehemu, kwa nyuma, bila mvuke. Usipofanya hivyo itatoka kwenye fuo la kwanza.

MshonaMikeka
Marahaba mwanangu. Muhuri wa mbao ukishachongwa, kabla hujaupaka mafuta, uweke juu ya mkeka wa bibi yako uone kama mshazari unalingana. Na pembeni usisahau upindo.