Naomba ushauri: nifungashe nini kwa ajili ya Kilimanjaro mwezi Desemba, njia ya Marangu?

Mkaa Pwani

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Kikundi chetu cha kazini kimepanga kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ili tufike kileleni karibu na sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Safari ni ya siku sita, ikiwa ni pamoja na siku moja ya kupumzika kambi ya Horombo ili mwili uzoee hewa nyembamba. Mimi nimezaliwa na kukulia Tanga, na baridi kali kuliko zote niliyowahi kukutana nayo ni ya Lushoto mwezi Julai, ambayo sweta moja lilitosha kuikabili.

Kampuni inayotupeleka imetupa orodha ndefu ya vifaa, lakini orodha hiyo haisemi kipi ni cha lazima na kipi ni cha anasa, na nikipiga hesabu ya kununua kila kitu kipya naona gharama inataka kukaribia ile ya safari yenyewe. Ni vitu gani nivinunue vipya, vipi nivitafute kwenye mitumba, na vipi nikodishe nikifika Moshi? Je, jaketi moja nene, kama yale yanayovaliwa Ulaya wakati wa theluji, haliwezi kuchukua nafasi ya matabaka yote hayo yaliyoandikwa? Na mimi ninayevaa hijabu nifanyeje kichwani usiku wa kupanda kilele? Naomba wenye uzoefu mnijibu bila haraka, kwani muda wa kuzunguka sokoni bado ninao.

Mwongozaji wa Marangu

Karibu mlimani, dada. Nitaanza na swali la jaketi, kwa sababu ukilielewa hilo mengine mengi yatajipanga yenyewe.

Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kambi ya Mandara mita 2,720, ya Horombo mita 3,720, ya Kibo mita 4,720, na kilele cha Uhuru mita 5,895. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo siku ya kwanza utatembea msituni ukitokwa na jasho ndani ya fulana, na usiku wa kuamkia siku ya tano utakuwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri au hata chini zaidi, huku upepo ukiongeza makali. Jaketi moja nene halina hali ya katikati: ukilivaa unalowa jasho, ukilivua upepo unakupiga. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, na nguo ikishalowa hewa hiyo hupotea. Ndiyo maana mtu mkavu anayetembea huweza kuivumilia baridi kubwa akiwa na nguo za kawaida tu, wakati aliyelowa akasimama huanza kutetemeka hata Mandara. Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha, basi usilichukulie suala la maji kwa wepesi.

Tabaka la ndani liwe la poliesta au sufu laini, lisiwe la pamba, kwa maana pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Juu yake huja sweta la fliisi, yaani kile kitambaa laini chepesi chenye manyoya bandia. Tabaka la tatu ni jaketi la manyoya laini ya bata au la nyuzi bandia, ambalo hutalivaa mchana ukitembea bali jioni ukifika kambini na usiku wa kilele. Nje ya yote huja koti la mvua lenye kofia, jembamba lakini lisilopitisha maji wala upepo, na liwe pana kiasi cha kuvaliwa juu ya hayo mengine yote. Watu wengi hulijaribu dukani wakiwa na shati jepesi, halafu wakifika Kibo zipu inakataa kufunga. Miguuni mpango ni huohuo, isipokuwa idadi hupungua: suruali ya ndani ya kubana, suruali ya kutembelea inayokauka upesi, na suruali ya mvua. Suruali ya jinzi iache Tanga.

Ikiwa fedha ni kidogo, itangulize kwenye buti na glavu, halafu koti la mvua. Buti nunua, usikodishe, tena zinunue mapema uzivae kazini na njiani hadi zikuzoee. Ziwe na nafasi mbele ya vidole hata ukiwa umevaa soksi nene, kwa sababu soksi mbili zilizobanwa ndani ya buti dogo huzuia damu isitembee, na mguu usiopata damu hupoa hata ukivikwa nini. Kabla ya safari kata kucha za miguu ziwe fupi. Siku ya kushuka utanishukuru. Kwa mikono, vaa glavu nyembamba kwa ndani na juu yake zile kubwa za mfuko ambazo vidole vinne hukaa pamoja, kwa kuwa vidole vinavyogusana hupeana joto. Glavu za kufuma zinazouzwa barabarani ni nzuri kwa Horombo, lakini upepo wa Gilman's Point, kule ukingoni mwa kreta, hupita ndani yake kana kwamba hujavaa kitu.

Kuhusu hijabu, huna haja ya kubadili mavazi yako, badili kitambaa tu. Tafuta hijabu ya michezo au kitambaa cha poliesta kinachovutika, kisicho na mikunjo mingi wala pini, na juu yake uvae mzula wa kufunika masikio. Mtandio wa pamba hulowa kwa pumzi sehemu ya kidevuni, na ukishalowa huganda. Beba cha pili kikavu ndani ya jaketi.

Mfuko wa kulalia kodisha, maana Moshi mjini yapo maduka mengi ya kazi hiyo, lakini uliza lebo yake. Lebo nyingi huandikwa zaidi ya kipimo kimoja: kipo cha mtu kulala kwa starehe, kipo cha kikomo, na kipo cha kunusurika tu, ambacho ndicho wauzaji hupenda kukitaja. Wewe angalia cha starehe, nacho kiwe karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Njia ya Marangu ina vibanda vyenye vitanda na magodoro, kwa hiyo mkeka wa kulalia ulioandikwa kwenye orodha yenu huenda umenakiliwa kutoka orodha ya njia za mahema. Waulize kabla hujaununua. Fimbo za kutembelea nazo ni za kukodi.

Mteja wa Memorial

Mwongozaji amesema yote ya msingi, nami nitaongeza upande wa mitumba, kwa kuwa soko la Memorial hapa Moshi ni jirani yangu na huwaona wageni wakinunua vinavyofaa na visivyofaa kwa bei ileile.

Fliisi na sweta za sufu nunua mitumba bila wasiwasi wowote, kwani nguo hizo hazina siri: ukiiona nzima, ni nzima. Kwa jaketi la manyoya, lishike mabegani na kulitikisa. Manyoya yakiwa yamejikusanya chini kama mabonge, acha. Ukilifinya likabaki bapa bila kufura tena, acha vilevile, hata kama nje linang'aa.

Koti la mvua ndilo huwadanganya wengi. Kitambaa cha nje kinaweza kuwa kizuri kabisa ilhali utando wa ndani unaozuia maji umeshakufa kwa umri. Lipindue, ukague mabegani na kwenye shingo, ambako begi na jasho huula utando huo kwanza. Ukiona unachunika au unanata, au utepe unaoziba mishono umebanduka, hilo sasa ni koti la upepo tu. Muuzaji akikubali, mwaga maji kidogo begani na usubiri. Akikataa, umeshapata jibu.

Na buti za mitumba, hata zile zinazoonekana hazijawahi kuvaliwa, mimi ningeziogopa. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la povu la poliurethani kati ya soli na ngozi, na povu hilo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata buti likiwa kabatini. Kwa nje hutaona kitu, lakini ukianza kulitembeza kwa saa kadhaa soli inang'oka nzima. Ukilazimika kuzinunua, bonyeza pembeni mwa soli kwa ukucha: povu zima hurudi, lililooza hupasuka au kudondosha unga. Hata hivyo beba kamba na gundi.

Jirani wa Nanyuki

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Sisi huku tunapanda Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, na baridi ya kambi ya Shipton's si ngeni kwetu, ila nina jambo ambalo wenzangu hawajaligusa vya kutosha, nalo ni namna ya kuyazuia maji yasiingie ndani ya begi. Kifuniko cha mvua kinachovikwa begi kwa nje hakitoshi, kwa sababu maji hushuka mgongoni na kuingia upande wa mikanda. Kinachosaidia ni mfuko usiopitisha maji, wenye mdomo wa kukunja, unaokaa ndani ya begi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa isahauni: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Mfuko wa kulalia na nguo za usiku viwe ndani ya mfuko wao peke yao, ambao haufunguliwi njiani kwa sababu yoyote ile.

Pia ningemshauri dada abebe gambuti. Njia ya Naro Moru ina eneo la tope ambalo buti za kawaida hazitoki salama, na wanaopanda Rwenzori hutembea na gambuti kwa siku nzima.

Mwongozaji wa Marangu

Ndugu wa Nanyuki, kuhusu mfuko wa ndani nakuunga mkono kwa asilimia mia. Gambuti hapana. Rwenzori ni mlima wa vinamasi, lakini njia ya Marangu imetengenezwa vizuri, na tope la msituni hata likiwa zito buti lenye shingo hulimudu. Tatizo la huku liko juu, kati ya Kibo na Gilman's Point, ambako unakanyaga changarawe laini ya volkano inayoteleza na kuingia ndani ya viatu. Afadhali vile vitambaa vya kufunga kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti, ambavyo uzito wake ni mdogo na Moshi hukodishwa.

Mbeba Mizigo

Mimi kazi yangu ni upagazi, na naomba niseme kuhusu uzito, kwa sababu begi mnalolizungumzia hapa nitalibeba mimi au mwenzangu. Kikomo cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20, na ndani ya hizo kilo zimo nguo zetu na blanketi zetu. Ndiyo maana kampuni nyingi humtaka mteja begi lake lisizidi kilo 15. Lisiwe sanduku lenye magurudumu, maana tunabeba kichwani au begani. Begi laini la duara ndilo linalokaa. Mkiwa kikundi, kubalianeni nani abebe nini: watu kumi hawahitaji chupa kumi za losheni ya jua.

Jambo jingine ni hili. Sisi hatutembei pamoja na ninyi, tunatangulia. Kwa hiyo koti la mvua, suruali ya mvua, fliisi, glavu, maji, dawa zako na kitafunwa viwe kwenye begi dogo la mgongoni mwako mwenyewe kila siku, hata asubuhi ikiwa na jua la kuunguza. Nimeona wageni wakilowa chapachapa huku koti lao liko kichwani kwangu, nami nimeshafika kambini.

Mkaa Pwani

Shukrani nyingi kwenu nyote. Gambuti na mkeka nimevifuta, na buti nitanunua wiki hii. Nimebakiwa na maswali mawili. Maji niyabebe kwenye nini, maana kwenye orodha kuna mfuko wenye mpira wa kunyonyea? Na simu pamoja na tochi vitahimili baridi?

Mwongozaji wa Marangu

Mfuko wa mpira ni mzuri hadi Kibo, lakini usiku wa kilele maji yaliyomo ndani ya mrija huganda mapema, hata ukiyapuliza yarudi. Usiku huo tumia chupa ngumu yenye mdomo mpana, uivishe soksi na uibebe kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kuganda juu na hivyo mdomo utabaki wazi. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini. Ile ile chupa ngumu ukiijaza maji ya moto jioni na kulala nayo ndani ya mfuko itakupasha miguu, na alfajiri unayanywa. Ukiwa na chupa ndogo ya chai ya kuhifadhi joto, ije nayo, ingawa Kibo maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, kwa hiyo usitegemee chai ya moto kama ya nyumbani.

Betri hupoteza nguvu kwenye baridi. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na usiku ilale nawe, pamoja na losheni na dawa za maji. Tochi iwe ya kichwani ili mikono ibaki huru, yenye betri mpya, za lithiamu zikipatikana, na za akiba ziwe mfukoni mwa suruali si ndani ya begi. Zibadilishe Kibo kabla ya kuondoka saa sita usiku hata kama zilizomo bado zinawaka, kwa sababu kubadilisha betri njiani maana yake ni kuvua glavu. Miwani ya jua iweke mahali pamoja na tochi. Jua likichomoza ukiwa karibu na barafu utaihitaji ndani ya dakika chache.

Ukishafungasha kila kitu, lipime begi kwenye mizani hukohuko Tanga, na likizidi kilo 15 anza kupunguza kwenye nguo za kubadilisha.