Ushauri: sakafu ya penu mbili za banda la ng'ombe, Kibosho. Zege kote au nigawanye?

Nyumbani_Kibosho

Habari za jioni wakuu. Niko Kibosho, Moshi. Nafuga ng'ombe wa maziwa watatu na ndama wawili kwenye banda alilolijenga marehemu baba. Banda lenyewe lina zege la zamani na halinisumbui. Mwaka huu nimeongeza bati ubavuni pande zote mbili, kwa hiyo nina penu mbili, kila moja urefu mita 12 na upana mita 3. Nguzo ni za mkaratusi, chini ni udongo mtupu.

Upenu wa upande wa mlimani nataka uwe wa majani makavu, mashine ya kukatia majani, na baadaye saileji, yaani majani mabichi yaliyofungiwa bila hewa yachache. Upenu wa chini, unaotazama migomba, ng'ombe watashinda hapo mchana na ndipo nitakapokamulia.

Masika iliyopita tope lilipanda hadi juu ya kwato. Ng'ombe wangu mkubwa akaoza kwato, nikahangaika naye wiki tatu, na maziwa yake hayajarudi yalipokuwa. Ndiyo maana safari hii sitaki kubahatisha. Fundi anasema tumwage zege kote kisha apige niru, yaani saruji laini ya juu, ili iwe rahisi kuosha. Jirani anasema moramu, ule udongo wa changarawe, inatosha. Fedha niliyotenga inanunua saruji mifuko 30, ukiacha mchanga, kokoto na ufundi. Mliopitia haya naomba mnielekeze.

Usa_Mfugaji

Pole sana mkuu kwa huyo ng'ombe. Mengine wataongeza wenzangu, mimi nakuomba kitu kimoja: usikubali niru.

Mimi nilipigiwa niru sehemu ya kukamulia, ikapendeza kama sebule. Mwezi haukuisha, mtamba wangu mwenye mimba ya miezi saba akateleza, miguu ya nyuma ikaachana, hakuinuka tena. Tulimchinja pale pale. Nikaja kuivunja niru yote kwa nyundo na patasi, siku nne, na kila nikigonga namkumbuka.

Zege la ng'ombe liachwe likwaruze. Likianza kushika, pitisha ufagio wa chelewa kukingama njia anayopita ng'ombe. Ukiweza, kandamiza mistari yenye kina cha sentimita 1 na upana wa kidole, kwato ipate pa kushika. Ila ukwaruzo usizidi, maana kokoto zilizochomoza nazo zinakula kwato.

Kihamba1

Kijana, mimi upenu wangu wa majani una moramu mwaka wa sita huu na sijajuta. Jirani yako hajakosea, amesahau tu kukuambia ni upande upi. Moramu iliyoshindiliwa vizuri inabeba majani, magunia, hata pikipiki. Ng'ombe akisimama juu yake ni habari nyingine. Mkojo unailainisha, kwato zinachimba, shimo linashika maji, na ukizoa samadi kwa koleo unazoa na moramu. Ukifika mwaka wa pili umerudi kwenye tope lile lile.

FundiSakina

Mkuu, tupige hesabu. Upenu mmoja ni mita za mraba 36. Zege la unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 3.6. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko 6 na kidogo. Upenu mmoja basi ni mifuko kama 23. Ukimwaga kote unahitaji 46, na wewe una 30. Hapo fundi atapunguza unene au atapunguza saruji bila kukuambia, na zege la hivyo chini ya ng'ombe wa kilo 400 linapasuka mapema.

Ushauri wangu: zege lote liende upenu wa chini, kwa ng'ombe. Upenu wa juu panga mawe, shindilia, kisha mwaga vumbi la kokoto kama sentimita 5, mwagia maji, shindilia tena. Linashikana vizuri na halifanyi tope. Chini ya mashine peke yake mwaga kizege cha mita 2 kwa 2, ni mifuko 3. Unabaki na mifuko 4 ya mfereji.

Lakini kabla ya sakafu, maji. Hili watu hawalitaki kusikia kwa sababu fedha yote wanaiona iko kwenye zege. Bati la upenu mmoja, mvua ikinyesha milimita 50, linateremsha lita 1,800, na hapo sijahesabu paa kubwa linalomwagia juu yake. Yasipokingwa kwa gata yanaanguka ukingoni mwa sakafu yako na kuchimba udongo chini ya zege. Upenu wako wa juu uko upande wa mlimani, kwa hiyo yanakuja pia maji ya kihamba kizima, shamba lote la nyumbani. Chimba mfereji wa kuyakatiza juu ya banda, uyazungushe yapite pembeni. Halafu inua sakafu zote mbili angalau sentimita 15 kutoka ardhi ya nje.

Mteremko weka sentimita 2 kwa kila mita, uelekee migomba. Kwa upana wako wa mita 3 ni sentimita 6. Pima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba wa kuonyesha usawa, usikubali fundi apime kwa jicho.

Nyumbani_Kibosho

Shikamoo Mzee Kihamba. Asanteni wote, Usa umenitisha kweli na niru nimeifuta. Nina maswali mawili. Pevingi bloku, yale matofali ya zege ya kupanga chini, vipi kwa upande wa ng'ombe? Naona zinauzwa kila kona Moshi mjini. Na pili, nina ndoto ya biogesi, je, sakafu inahusika?

MamaNdama_Tengeru

Kaka, pevingi kwa upenu wa majani ni nzuri kama fedha ipo, kwa sababu siku ukihamisha banda unazing'oa na kuzipanga kwingine. Kwa ng'ombe hapana. Mkojo unapenya kwenye maungio, unakaa chini, harufu haiishi, na bloku moja ikizama zinazofuata nazo zinacheza.

Biogesi inahusika sana, na hapa ndipo wengi wanakosea. Mtambo unataka kinyesi na mkojo visivyo na mchanga. Ukiwa na sakafu ya moramu, mchanga unaingia nao na kujaa chini ya mtambo. Mitambo ya kuba ambayo CAMARTEC, kile kituo cha teknolojia za kilimo cha Arusha, imeieneza tangu miaka ya 1980 inalishwa kwa mteremko, kwa hiyo ukishamwaga zege huku mfereji wako umeelekea pasipo, umejifungia mlango. Amua leo mtambo utakaa wapi, mfereji uelekee huko, hata kama utajenga baada ya miaka mitatu.

Jambo la pili nakusihi: zege si kitanda. Ng'ombe wa maziwa anataka kulala zaidi ya saa 10 kwa siku. Akikosa pakavu na laini anasimama, na akisimama kutwa miguu na maziwa vyote vinalipa. Tenga kona ya juu ya upenu, weka tuta la zege kuzuia mkojo, tandika maranda ya mbao au maganda ya mpunga kutoka mashine za ukanda wa chini wa Moshi. Matandiko hayo usiyapeleke kwenye biogesi, hayaozi upesi na yanatanda juu kama utando. Yapeleke kwenye migomba.

Na zege jipya usiwaingize ng'ombe mapema. Limwagilie maji siku 7, likomae wiki nne, kisha lioshe kwa maji mengi na brashi ngumu, maana saruji mbichi inachoma ngozi ya kwato.

FundiSakina

Naunga mkono. Naongeza la saileji: maji yake ni makali, yana asidi, yanatafuna zege. Ukianza saileji tumia mifuko ya plastiki au mapipa, na yale maji yatoe nje, yasitulie sakafuni. Majani makavu yaweke juu ya chaga za mbao, hewa ipite chini, hata kama vumbi la kokoto linaonekana kavu.

Na nguzo zako, mkuu. Ni za mkaratusi zilizochimbiwa? Zege likiikumbatia nguzo ya mti linashika maji pale pale inapotokea, na ndipo inapoozea. Chokonoa kwa kisu kabla hujamwaga chochote.

Nyumbani_Kibosho

Nimerudi. Leo asubuhi nimechokonoa nguzo zote kumi. Mbili za upenu wa chini kisu kimezama hadi mpini, na bati nimepiga juzi tu. Kumbe fundi alitumia nguzo za zamani zilizokuwa nyuma ya banda. Nazing'oa, na zote za upande wa ng'ombe nazikatia chini nizisimamishe juu ya vipande vya zege vilivyoinuka sentimita 20. Zile mifuko 4 za mfereji zimekwenda huko, kwa hiyo mfereji wa juu wa kukatiza maji nauchimba mwenyewe, ubaki wa udongo na mawe kwa sasa. Gata nanunua mwisho wa mwezi.

Mtambo nimeamua utakaa kona ya chini, karibu na mgomba wa mama. Jumamosi mawe yanashuka. Mpira wa maji nimeazima kwa Mzee mmoja hapa jirani.

Kihamba1

Marahaba kijana. Jumamosi hiyo anza na mfereji wa juu, mawe yasubiri. Vuli haiko mbali.