Tupeane uzoefu: sonona, chakula na mpangilio wa siku wa Ayurveda. Nani amejaribu hapa Uganda?

MpishiWaJinja
Salaam kwenu nyote. Sonona, huo ugonjwa wa huzuni nzito, iko majumbani kwetu na bado tunaiita uvivu, au majini, au "mawazo tu, yatapita". Nimepikia familia za Kihindi hapa Jinja kwa miaka mingi, na huko jikoni ndiko nilikosikia habari za Ayurveda. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria unga wa kwenye kopo. Kwao kopo ni la mwisho kabisa. Kwanza wanakuuliza unaamka saa ngapi, unakula saa ngapi, na jana ulikula nini.

Kwa asiyejua: ni tiba ya kale ya Bara Hindi. Inasema mwili una nguvu tatu, nazo ni vata (upepo), pitta (moto) na kapha (maji na udongo). Kwa hiyo huzuni nzito haina sura moja. Wa vata ana hofu, usingizi unamkatika usiku wa manane, chakula hakipandi, anakonda. Wa pitta anawaka, kila mtu kamkosea, akimaliza wengine anageuka kujilaumu mwenyewe. Wa kapha ni yule anayelala mpaka adhuhuri, ananenepa, na kuoga tu kwake ni safari. Wa kwanza hupewa vya moto vyenye mchuzi na samli. Wa pili hupunguziwa pilipili, vitu vichachu na pombe. Wa tatu hupewa vyepesi: ulezi, mboga za majani, tangawizi, pilipili manga, na sukari inaondoka mezani.

Naanza mimi. Kulikuwa na bibi wa Kigujarati, sote tulimwita Ba. Mwaka 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, Ba alienda na watoto Uingereza, Leicester, akarudi Jinja miaka ya 90. Aliniambia baridi haikumsumbua kama kukaa chumbani bila kujua leo ni Jumatatu au Alhamisi. Kilichomwinua, kwa maneno yake, ni kuirudisha siku ya mama yake: kuamka kabla ya jua, maji ya uvuguvugu, kujipaka mafuta ya simsim mwili mzima kabla ya kuoga, chakula kikubwa mchana jua likiwa juu, cha jioni kidogo na mapema. Kulala mchana alikataa katakata. Nilipofiwa na mume wangu nikawa siwezi hata kuwasha jiko, Ba hakunipa dawa. Alinipa saa. "Saa sita na nusu uje tule," kila siku, na nisipotokea anamtuma mtoto. Nilikuwa naenda kwa aibu tu. Miezi ilipopita nikagundua naenda kwa njaa.

Masharti ya uzi: simulia lako au la mtu wa nyumbani kwako. Usiuze dawa hapa.

Dereva_Malaba
Pole kwa msiba, mama, hata kama ni wa zamani. Mimi ni wa lori, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine Juba. Siku yetu imepinduka: chai ya maziwa na chapati saa tano usiku, mairungi (miraa) ya kukesha, halafu usingizi kwenye kiti jua linawaka. Baada ya mwenzangu kufariki barabarani nikawa mzito. Simu ya mke sipokei. Foleni ya Malaba ikisogea wananipigia honi nyuma, mimi nimekaa tu.

Hayo mafuta na kuamka alfajiri kwangu hayawezekani, nisidanganye. Niliyemkuta ni Mhindi mwenye ghala Tororo, tunashusha mzigo kwake, akaniambia nianze na kimoja: chakula kikubwa kiwe mchana, usiku supu au uji. Na mairungi niache, kwa sababu kitu kinachokunyanyua kwa nguvu kitakubwaga kwa nguvu. Mairungi ilikuwa vita. Wiki za mwanzo nilikuwa mbaya kuliko kabla, nalala kama gogo na nina hasira. Baadaye usingizi ukakaa sawa na nikaanza kupokea simu. Siwezi kusema Ayurveda imeniponya, maana wakati huohuo nilianza pia kuzungumza na imamu wetu pale Busia, kila nikipita. Lipi lilifanya kazi? Mimi nasema yote, na sina haja ya kuyatenganisha.

Ssebo_Mkaidi
Nitakuwa mchungu kidogo, mnisamehe. Vata na kapha hakuna aliyewahi kuzipima. Ukimwambia mtu aliyekonda kwa mawazo ale chakula cha moto chenye mafuta, hata bibi yangu wa Masaka asiyejua Uhindi iko wapi angesema hivyohivyo.

Ila chakula chenyewe sikipuuzi. Australia walifanya jaribio likachapishwa mwaka 2017: watu 67 wenye sonona ya wastani hadi kali, wengi wao tayari wakiwa kwenye dawa au ushauri. Nusu walisaidiwa kubadili mlo kwa miezi mitatu, mboga, kunde, nafaka isiyokobolewa, samaki, mafuta ya zeituni. Nusu nyingine walipata mtu wa kuzungumza nao tu. Kundi la mlo, karibu theluthi walifika mahali pa kutohesabiwa tena kuwa na sonona. Kundi la pili ni 8 kati ya 100. Ni watu wachache, na mtu anajua kama anakula vizuri au la, huwezi kumficha kama vidonge. Lakini tazama orodha ile halafu tazama soko la Nakasero: mboga za majani kama dodo na nakati, maharagwe, kalo (ugali wa ulezi), mukene (dagaa). Hatuhitaji kuagiza kitu kutoka ng'ambo.

La pili, na hili ni la hapahapa kwetu. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio la Masaka na Rakai, vijiji 30. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa kawaida aliyefundishwa. Kabla, 86 kati ya 100 walikuwa na dalili kamili. Baadaye walibaki 6 na kitu. Vijiji ambavyo havikupata vikundi, zaidi ya nusu walikuwa bado na sonona. Hakuna samli, hakuna simsim. Kukaa pamoja na kusema. Ndiyo maana nikisoma habari ya Ba na saa sita na nusu yake, mimi naona kikundi cha watu wawili.

MpishiWaJinja
Ssebo, Ba angecheka. Yeye alisema chakula ukila peke yako kimepoteza nusu. Tofauti yenu ni jina tu.

MamaMapacha_Bombo
Asalaam aleikum. Mimi ilinishika baada ya kujifungua mapacha. Watu wanashangilia, zawadi zinaingia, mimi nawaza hawa watoto wangepata mama mwingine. Nyanya yangu alinikanda kila asubuhi kwa maji ya moto na mafuta ya simsim, akanipa uji wa ulezi wenye samli na tangawizi. Kwetu Wanubi wa Bombo mzazi hukandwa, hakuna aliyeuita Ayurveda. Baadaye nikiwa na jirani Mhindi nikasikia kwao pia mzazi hupakwa mafuta hayohayo na kulishwa vya moto vyenye mchuzi kwa siku 40. Nilicheka sana.

Kukandwa kulinisaidia mwili na usingizi. Lakini lile wazo halikuondoka. Lililoliondoa ni dada yangu aliyesikia nikilisema kwa sauti, akanipandisha bodaboda siku hiyohiyo hadi hospitali. Nikapewa dawa na ushauri, nikaendelea kukandwa. Yule jirani alikuwa ameniletea kopo la ashwagandha, unga wa mzizi wa Ayurveda, kwa nia njema. Mhudumu akauliza, "Unanyonyesha?" akalirudisha kopo kwenye mfuko wangu. Wanaonyonyesha na wajawazito wasiguse hiyo kitu.

NesiWaZamu
Asante sana Mama Mapacha kwa kulisema hilo la mawazo wazi. Yeyote anayesoma hapa na ana wazo la kujidhuru au la kutotaka kuishi, amwambie mtu leo, na mtu huyo amfikishe kituo cha afya au hospitali leo. Usisubiri tangawizi. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na Butabika, hospitali ya taifa ya akili iliyopo tangu 1955, hupokea watu wa kawaida kabisa, wanaokuja kwa miguu yao na kurudi nyumbani.

Haya, ya kazini. Ninayoyaona mara nyingi ni mtu aliyeanzishiwa vidonge vya sonona, amitriptyline au fluoxetine, wiki ya pili haoni tofauti, anasikia habari za mitishamba, anaacha vidonge ghafla. Vidonge hivi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na vikiachwa ghafla mtu anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu na sonona kurudi. Chakula cha mchana, jua la asubuhi, mafuta mwilini, pumzi za yoga, hivyo vyote changanya na dawa bila wasiwasi. Makopo ndiyo yenye maneno. Ashwagandha inaongeza usingizi, kwa hiyo ukiichanganya na dawa za kulalia unaweza kulegea kupita kiasi. Inagusa homoni za tezi la shingo. Kuna watu ini lao limeumia, na Denmark waliipiga marufuku mwaka 2023. Halafu mwaka 2008 Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni: moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa hizo huwekwa madini kwa makusudi, ndiyo desturi yake. Risasi mwilini yenyewe inaleta uchovu na huzuni, hebu fikiria.

Na kabla ya kusema "mimi ni kapha", kapimwe damu na tezi. Upungufu wa damu unafanana sana na huo uzito mnaousimulia.

Mkaa_ni_Ghali
Mambo mazuri. Swali la watu wa Bwaise: Ayurveda inasema kiporo hakifai, kinaupa moyo uzito, sivyo? Mkaa umepanda. Mimi napika maharagwe mara moja, tunakula mawolu siku mbili. Nikipika kila mchana nitakuwa na sonona ya deni.

MpishiWaJinja
Ha! Hilo ni kweli, nyabo, na Ba alikuwa na mpishi, tusisahau. Jibu langu ni mseto, wenyewe wanaita khichdi. Sufuria moja, moto mmoja. Kikombe cha mchele, kikombe cha choroko zile za Lango au Teso, loweka choroko tangu usiku, hapo umeokoa mkaa. Maji vikombe sita, manjano kijiko kidogo, chumvi. Vikilainika, kaanga bizari nyembamba na tangawizi kwenye samli, mwaga juu. Dodo ikiwepo itupie dakika za mwisho. Mgonjwa asiyetaka kula huanzia hapa, mwepesi tumboni na hauhitaji kutafunwa sana. Wa kapha punguza samli na mchele, wa vata ongeza samli na uache uwe na maji. Maharagwe ya jana yakipashwa moto vizuri na ukala na watu, sidhani kama kuna mungu wa Kihindi atakayekasirika.

Dereva_Malaba
Mseto nimeujua Mombasa tangu utoto! Sikujua ni dawa.

Hosteli_Makerere
Mimi nina mawili. Kwanza langu. Mwaka wa pili nilikuwa sitoki chumbani, nakula rolex (chapati ya mayai) kitandani saa sita usiku, naingia darasani siku za mtihani tu. Sikuweza kubadili kila kitu, nikachagua jua. Alfajiri naingia barabarani kutembea, huku kwetu jua huchomoza karibu saa moja mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kisingizio cha majira. Siku za mwanzo rafiki alinivuta mkono kabisa. Nikirudi navuta pumzi kwa tundu moja la pua na kutoa kwa lingine, dakika chache. Mshauri wa chuo aliniambia mtu mwenye sonona husubiri ajisikie vizuri ndipo afanye jambo, na kumbe huanza kufanya, kujisikia kunafuata nyuma kwa kuchelewa. Kulichelewa kweli. Muhula mzima karibu.

La pili, mama yangu yuko Mbale, ana huzuni tangu alipougua moyo. Nataka kumnunulia vidonge vya manjano, ile bizari ya njano, wanasema vinasaidia. Anakunywa warfarin.

NesiWaZamu
Usinunue, binti yangu. Warfarin inazuia damu kuganda, na vidonge vya manjano vina nguvu nyingi kuliko ile ya mboga, vinaweza kumfanya atokwe damu. Kijiko kidogo kwenye mseto wa nyumba nzima hakina shida. Ila mboga za majani kama dodo nazo zinagusa warfarin kwa upande mwingine, kwa hiyo asizianze ghafla kwa wingi, ale kiasi kilekile kila wiki, na awaambie kliniki anakopimwa damu. Na huzuni yenyewe waambie pia. Baada ya ugonjwa wa moyo hutokea sana, na wagonjwa hawaisemi wasipoulizwa.

Hosteli_Makerere
Sawa nesi, nampigia jioni hii. Mpishi, kwenye mseto mchele wa kahawia haufai zaidi kwa mtu wa moyo?

MpishiWaJinja
Mama yako atumie mchele wowote alionao. Wa kahawia uloweke pamoja na choroko, viive saa moja. Chumvi mpunguzie, limau liongeze.