Maktaba za umma na simu zetu: tutengeneze aplikesheni, au tuanze na katalogi?

Mkutubi wa mkoani, Tanzania (mwanzisha mada)

Ndugu wadau, siku hizi kila kikao cha watu wa maktaba hakiishi bila mtu kusema, "Na sisi tuwe na aplikesheni yetu." Wanaosema hivyo wana nia njema. Wanaona vijana wameinamia simu, chumba cha kusomea kinajaa wakati wa mitihani tu, na wanaamini aplikesheni itawarudisha wasomaji. Mimi napinga. Fedha chache tulizo nazo zianze na katalogi, yaani orodha ya vitabu vyetu vyote, inayofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote, pamoja na menyu ya kupiga nyota na reli, kama ile ya kutuma pesa, kwa wenye kitochi. Aplikesheni isubiri.

Jiulizeni msomaji anataka nini kwanza. Kaunta yetu inaulizwa maswali matatu kuliko mengine yote: kitabu fulani mnacho? Kipo au kimeazimwa? Mnaweza kuniwekea mpaka Jumamosi? Mtu anatoka kata ya mbali, anapanda daladala mbili, anafika na kuambiwa kitabu hakipo. Akiambiwa hivyo tena safari ijayo, humwoni. Ukimjibu kabla hajatoa nauli, umemsaidia kuliko ungempa vitabu elfu vya kielektroniki ambavyo hakuviomba.

Na majibu hayo hayahitaji chombo kipya. Kuna Koha, programu ya maktaba iliyoanza kutumika Horowhenua, New Zealand, mwaka 2000. Haina ada ya leseni, na vyuo kadhaa vya Afrika Mashariki vinaitumia. Ukurasa wake wa kutafutia vitabu hujipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo cha simu. Msomaji akiingia kwa namba ya kadi yake anaona alichoazima, anaongeza muda, anajiwekea kitabu. Inaweza pia kuunganishwa imtumie ujumbe mfupi siku ya kurudisha ikikaribia. Kinachotukwamisha ni kwamba rekodi za vitabu vingi bado zimo kwenye kadi za droo za mbao au kwenye daftari, na hakuna aliyelipwa kuziingiza. Hiyo ni kazi ya mikono na macho, ya miezi mingi, haina uzinduzi wala utepe wa kukata. Ndiyo maana haiingii kwenye bajeti.

Gharama ya aplikesheni nayo haiishi siku ya uzinduzi. Apple wanatoza msanidi dola 99 kila mwaka. Google wanatoza dola 25 mara moja, lakini wanadai aplikesheni ihuishwe kufuata matoleo mapya ya Android, la sivyo wenye simu mpya hawataiona kwenye duka lao la aplikesheni. Mfadhili akiondoka, nani atafanya kazi hiyo? Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967 na mpaka leo watu wanaingia. Tukijenga kitu cha umma tukijenge kwa umri wa namna hiyo.

Karibuni mnipinge.

Mtengeneza programu, Nairobi

Mkutubi, kwenye katalogi tuko pamoja, lakini aplikesheni umeionea. Ubora wake unaonekana pale mtandao unapokatika. Mzazi anaipakua mahali penye Wi-Fi, anahifadhi hadithi kumi, anarudi nyumbani, na watoto wanasoma wiki nzima bila bando.

Ushahidi upo. Mwaka 2014 UNESCO ilitoa utafiti uliohoji zaidi ya watu 4,000 katika nchi saba, zikiwemo Uganda na Ethiopia, waliokuwa wakisoma vitabu kwa simu kupitia shirika la Worldreader. Asilimia 62 walisema wanasoma zaidi tangu waanze kusomea simuni. Mmoja katika kila watatu alikuwa akiwasomea watoto hadithi kutoka kwenye simu. Na kilichonigusa zaidi ni wanawake: walikuwa wachache kuliko wanaume, lakini walisoma kwa wastani wa dakika 207 kwa mwezi, wakati wanaume walisoma 33. Huyo ni mama mwenye genge na watoto, asiyeweza kufika maktaba saa za kazi. Katalogi yako inamwambia kitabu kipo rafuni. Atakifuata saa ngapi?

Halafu hiyo menyu ya nyota na reli. Ukurasa mmoja wa USSD, ndilo jina la menyu hizo, haubebi zaidi ya herufi 182, na ukichelewa kujibu unakutoa. Huwezi kutafuta kitabu kati ya elfu ishirini kwa njia hiyo. Namba yenyewe inaombwa kwa mamlaka ya mawasiliano, na kila mtu anapoipiga kuna anayelipa. Ni nani?

Mwanafunzi wa chuo, Eldoret

Simu yangu ni ya GB 16, na kila wiki kuna kitu nafuta ili nyingine ziendelee kufanya kazi. Aplikesheni ninayoihitaji mara moja kwa wiki ndiyo ya kwanza kutoka. Tovuti haikai kwenye simu, naifungua nikiitaka. Naomba tu isiwe na picha kubwa ya jengo na salamu za mkurugenzi kabla sijafika kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa sababu hizo MB nazilipa mimi.

Msomaji asiyeona, Unguja

Nimesoma wote, na naona mnabishania mlango bila kuuliza nani anaweza kuupita.

Mimi sioni. Natumia simu kwa TalkBack, inayonisomea kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. Aplikesheni nyingi nilizoletewa nijaribu zina vitufe vya picha ambavyo mtengenezaji hakuviandikia jina. Napitisha kidole, naambiwa hapa pana kitufe, hapa pana kitufe kingine, bila kuambiwa cha nini. Nikibonyeza kwa kubahatisha naweza kuwa nimefuta akaunti yangu. Tovuti iliyoandikwa kwa vichwa vya sehemu na maandishi ninayoweza kusomewa, si picha, naipita haraka kuliko wengi wenu mnaoona. Lakini tovuti mbaya ni mbaya kama aplikesheni mbaya, na aplikesheni nzuri zipo, za benki na za miamala ninazitumia kila siku.

Kuna jambo zito zaidi. Maktaba nyingi zikisema zimeweka vitabu mtandaoni, zimepiga picha kurasa na kuzifunga kwenye PDF. Kwangu mimi hicho ni kitabu kimya. Sauti haisomi picha mpaka maandishi yatolewe humo kwanza, yasahihishwe na mtu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, unazitaka nchi ziruhusu nakala zinazosomeka kwa watu wasioona zitengenezwe bila kwanza kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Haki hiyo tunayo kwenye karatasi. Nani kati yenu, mkutubi au mtengeneza programu, ameiandika kwenye zabuni yake kwamba kazi haitapokelewa mpaka asiyeona aijaribu mwenyewe na kuazima kitabu mpaka mwisho bila kushikwa mkono? Nikiliona sharti hilo, nitaunga mkono upande wowote.

Mchapishaji wa vitabu vya Kiswahili, Dar es Salaam

Dada wa Unguja kasema kweli, nami nina deni hapo, kwa sababu faili safi za vitabu vyetu ziko kwa sisi wachapishaji.

Lakini nieleweke kwa nini tunazishikilia. Kitabu kikitoka leo, mwezi haujaisha PDF yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, na mwandishi hapati hata senti. Ndiyo maana nataka aplikesheni yenye kufuli: kitabu kinaazimwa kwa mtu mmoja kwa muda wake, muda ukiisha kinajifunga. Bila hicho sitatoa faili.

Wakati huohuo siombi tuige kila cha wenzetu. Marekani mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins waliamua kwamba kitabu cha kielektroniki kikiazimwa mara 26 maktaba inunue leseni upya. Mwaka 2019 Macmillan wakaziwekea maktaba kikomo cha nakala moja tu ya kitabu kipya kwa wiki nane za mwanzo, zikalalamika, zikagoma, na Machi 2020 wakaliondoa sharti hilo. Tukae sisi wenyewe, maktaba na wachapishaji, tukubaliane bei ambayo maktaba ya mkoa inaimudu na mwandishi naye anapata chake. Kwa sasa hakuna mezani kitu cha namna hiyo, ndipo ninapouliza: hiyo aplikesheni mtaijaza nini?

Mtengeneza programu, Nairobi

Mchapishaji, kufuli haihitaji aplikesheni. Libby, aplikesheni ya kuazimia vitabu wanayoitumia maktaba nyingi za Marekani, inafunguka hata kwenye kivinjari na bado kitabu kinarudi muda ukiisha. Na hakuna kufuli inayomzuia mtu kupiga picha kioo cha simu yake. Ukingoja ulinzi kamili hutatoa faili kamwe.

Dada, sharti lako nimelichukua. Kuvipa vitufe majina ni kazi ndogo kabisa kwetu, na kutoifanya ni uzembe, sina neno jingine.

Mwanasheria, Mombasa

Hapa kwetu Katiba ya 2010 iliziweka maktaba katika majukumu ya kaunti. Nahofia kuamka siku moja tuna aplikesheni 47, moja kwa kila kaunti, kila moja na nywila yake na mkandarasi wake.

Hofu yangu kubwa ni hii: orodha ya vitabu alivyoazima mtu ni siri yake. Anayesoma kuhusu talaka, kuhusu VVU, kuhusu siasa za upinzani, anaiamini maktaba. Aplikesheni inayoomba kuona majina ya watu kwenye simu na mahali ulipo, kwa ajili ya kuazimisha riwaya, inavunja uaminifu huo. Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Wakutubi waisome kabla ya kutia saini, hasa kipengele cha nani anazihifadhi taarifa na zinafutwa lini.

Mwalimu wa sekondari, Kigoma

Poleni, lakini mazungumzo yote haya yamempita mwanafunzi wangu. Shuleni haruhusiwi simu. Nyumbani simu ni ya baba, na baba yuko nayo ziwani. Darasa langu la fasihi lina vitabu vichache kuliko wanafunzi, wanasoma kwa zamu. Ukiniuliza mimi, fedha zote hizo, za aplikesheni na za tovuti, zinunue vitabu vya karatasi. Kenya walibeba vitabu kwa ngamia kule Garissa kuanzia 1996, wakawafikia watoto wa wafugaji. Hawakusubiri mtandao uwafikie.

Mkutubi wa mkoani

Mwalimu, wewe ndiye hasa ninayemfikiria ninaposema katalogi kwanza. Mwanafunzi wako hana simu, lakini wewe unayo. Nataka ukae Kigoma uone riwaya ya mtihani tunazo nakala ngapi, uombe sanduku la nakala 20 kwa muhula, upate ujumbe likiondoka. Leo ukinipigia sina jibu mpaka niende rafuni nikahesabu, na maktaba ya mkoa jirani inaweza kuwa nazo bila mimi kujua. Vitabu vya karatasi vinatembea vizuri zaidi vinapojulikana viko wapi.

Ndugu wa Nairobi, ule utafiti wa 2014 naupenda, ila tazama walisomea simu gani. Huduma ile ilijengwa ipite kwenye simu ndogo za vitufe na mtandao wa taratibu. Na waliohojiwa walikuwa tayari wanaitumia, kwa hiyo hautuambii lolote kuhusu walioshindwa kuifungua. Mimi nausoma kama ushahidi wa wepesi. Kuhusu herufi 182, sitaki mtu atafute kitabu humo. Nataka aingize namba ya kadi, aone tarehe ya kurudisha, aongeze muda, ajue alichojiwekea kimefika. Hayo yanatosha humo. Na anayelipa awe maktaba, kama tunavyolipa umeme wa taa za kusomea.

Sharti la dada wa Unguja naliweka juu kabisa ya hoja yangu, na naomba mchapishaji aseme hapa ni vitabu vipi yuko tayari kutoa faili zake kwa ajili ya wasioona, hata kabla ya mkataba wa bei.

Mchapishaji

Vya fasihi vinavyotahiniwa sekondari, naanza na hivyo. Viende kwa taasisi inayowahudumia wasioona, kwa barua, ili nijue viko wapi.

Mtengeneza programu, Nairobi

Basi katalogi itangulie. Kazi ya kuingiza rekodi itengewe fungu lake, maana nimeona miradi miwili ikifa kwa kukosa watu wa kuandika majina ya vitabu tu. Lakini yule mama wa genge sijakuachia, Mkutubi. Hadithi za watoto za tovuti ya African Storybook ziko huru, nyingi zina Kiswahili, mtu yeyote anaweza kuzipakua na kuzigawa bila kumlipa mtu. Mzazi akija kujiandikisha kaunta, hata kama aplikesheni haipo, kwa nini asiondoke na hadithi kumi kwenye simu yake siku hiyohiyo, kupitia Wi-Fi ya maktaba? Hilo halina zabuni. Mnaweza kuanza Jumatatu.