Tupeane uzoefu: Waifai ya ofisini inakubali asubuhi, mchana inagoma

Mwisho wa Reli
Wakuu, mwakeye. Niko Kigoma mjini, kampuni ya mizigo, na IT ni mimi peke yangu (pamoja na printa, kamera na king'amuzi cha bosi, mnajua IT ya mikoani ilivyo). Waifai yetu si ile ya nenosiri moja la wote. Kila mfanyakazi anaingia kwa jina na nenosiri lake, na seva ya RADIUS ndiyo inayoamua nani apite.

Sasa mtu anaingia vizuri saa mbili asubuhi. Akitoka kula akirudi, laptopu inamwambia haiwezi kuunganishwa. Anasonya, anajaribu tena, baadaye inakubali yenyewe. Jirani yake wa meza hana shida yoyote. Mimi nikiitwa, laptopu yangu inashika hapohapo, wanaanza kuangaliana.

Tafadhali tusiambiane "zima, washa". Aliyepambana na hili aseme ilikuwa nini, na hasa aligunduaje.

Binti Katubuka
Kwetu ilikuwa simu ya mhasibu. Sera ya ofisi ni kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi mitatu. Dada wa watu akabadilisha kwenye laptopu, akaisahau simu iliyokuwa kwenye pochi. Simu ikawa inabisha hodi kwa nenosiri la zamani kutwa nzima. Ikikosea mara kadhaa seva inafunga akaunti kwa nusu saa, halafu inafungua. Kwa hiyo laptopu yenye nenosiri sahihi nayo inakataliwa kwa sababu akaunti ni hiyohiyo.

Nilivyogundua: alisema mwenyewe kwamba siku ambayo umeme umekatika nyumbani, ofisini waifai haimsumbui. Wote tulicheka. Nikamuuliza, umeme wa nyumbani unahusiana nini na wa ofisini? Basi akasema siku hizo anakuja na simu iliyozima.

Kama mna seva ya Windows, tafuta tukio namba 4740 kwenye kumbukumbu za seva ya akaunti, ndilo la akaunti kufungwa. Shida ni kwamba hapo utaona jina la seva ya RADIUS tu, halikutajii simu. Hamia kwenye RADIUS yenyewe, tukio 6273, lile la mtu kukataliwa. Humo kuna anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa kilichobisha. Ukishaipata, unazunguka ofisini ukiomba kuangalia simu za watu. Dawa ni kuiambia simu isahau ule mtandao kisha kuingia upya.

Mwisho wa Reli
Dada, nimeomba waniangalizie. Akaunti zilizofungwa zipo mbili, wanaolalamika ni wengi zaidi ya hapo. Nitawashughulikia hao wawili, ila bado.

Fundi wa Isevya
Niko Tabora. Wewe unauliza saa ngapi, mimi ningeuliza wapi.

Tulikuwa na jengo la ghorofa moja, wanaolalamika wanatoka idara zote, hakuna mpangilio. Nikachukua karatasi, nikachora ramani ya ofisi, kila anayepiga simu namwambia usisogee, niambie umekaa wapi. Alama zote zikaangukia upande wa dirisha linaloangalia miembe, maana mchana ndipo penye upepo na watu huhamia huko na laptopu zao. Upande huo unahudumiwa na AP (kile kifaa kinachorusha waifai) moja tu ya darini.

Sasa sikia. RADIUS ina orodha ya AP inazozitambua, kwa anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) na neno la siri. Ombi likitoka kwenye IP isiyomo kwenye orodha, haijibu "hapana". Haijibu kabisa. Inalitupa tu, na kwenye seva ya Windows inaandika tukio namba 13. Mtumiaji anasubiri mpaka laptopu inachoka. AP ile ilikuwa inapewa IP na rauta, na rauta yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, umeme ukikatika inasahau iligawa nini kwa nani. Umeme ukirudi, AP inaamka na namba nyingine. Kuna siku inaipata ileile na kila kitu kinakwenda, kuna siku hapana. Watu wakasema waifai ina mashetani.

AP zote mpe kila moja IP isiyobadilika. Na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kwenye kabati la swichi, hata ndogo.

Mkasulu
Umeme ndugu zangu! Kabla Gridi ya Taifa haijatufikia, enzi za majenereta ya dizeli, nilikuwa na kompyuta za mezani zenye kidude cha waifai cha USB. Umeme ukikatika na kurudi, baadhi zinakataa kuingia. Nyingine, za muundo uleule, zinaingia.

Betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa. Umeme ukienda, saa ya kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Seva ya RADIUS inajitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko muongo uliopita inaona cheti hakijaanza hata kutumika, inakikataa. Na haiwezi kurekebisha saa kwa kuwa saa inasahihishwa kwa mtandao, na mtandao ndio umeikataa. Kijana mmoja wa mauzo aligundua dawa bila kujua: anaunganisha hotspoti ya simu yake kidogo, kisha anarudi waifai ya ofisi na inakubali. Alikuwa anawauzia wenzake huduma hiyo kwa soda.

Betri yenyewe ni bei ya vocha. Nilibadilisha zote, hata zilizokuwa hazijalalamika.

Mama Mawese
Kwetu walisajili anwani za MAC za simu zote ili wageni wasiingie. Tangu Android 10 na iOS 14, simu inajitungia MAC ya kubahatisha kwa kila mtandao. Mtu akibadilisha simu, na kwa baadhi ya simu hata akifuta mtandao na kuuweka upya, mnaanza upya usajili. Tukaacha ujinga huo.

Mtaalamu Njaa
Laptopu mpya zenye Windows 11 Enterprise kuanzia toleo 22H2: Credential Guard (kinga ya Windows ya kulinda manenosiri) inawashwa yenyewe, na ile njia ya kuingia waifai kimyakimya kwa nenosiri la Windows kupitia PEAP-MSCHAPv2 (utaratibu wa kuhakiki jina na nenosiri) inakufa. Mashine inauliza nenosiri tena na tena. Za zamani hazina shida hiyo. Dawa ya kudumu ni kuhamia vyeti vya kidijitali badala ya nenosiri.

Binti Katubuka
Mwisho wa Reli, hujatuambia jambo moja. Hiyo RADIUS yenu iko wapi? Umesema uliomba kuangaliziwa.

Mwisho wa Reli
Dar, makao makuu. Huku tuna AP, swichi na rauta tu.

Fundi wa Isevya
Aah! Sasa tunaongea.

Kila anayeingia, hodi yake inasafiri Kigoma mpaka Dar na kurudi, tena siyo safari moja, PEAP ni mazungumzo ya kwenda na kurudi mara nyingi. Na yanapita kwa UDP (njia ya kutuma data isiyohakikisha kama imefika), mlango 1812. Pakiti ikipotea njiani hakuna wa kuidai ila AP yenyewe, na AP ina uvumilivu wa sekunde chache tu. Laini ikijaa, mazungumzo yanakatikia katikati. Aliyekwishaingia haathiriki sana, ataona intaneti nzito. Anayetoka kula ndiye anaumia, kwa sababu ndiye anayepiga hodi upya.

Laptopu yako inashika kila mara kwa kuwa haitoki humo ndani. Ufunguo wake AP bado inao, haiendi Dar kuuliza. Jaribu hivi: saa saba na nusu mchana, iambie isahau waifai, iingie kama mgeni. Ukiwa hapo acha pingi (vipakiti vya kupima kama njia inajibu) inakwenda seva ya Dar. Na laptopu ya mlalamikaji, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike `netsh wlan show wlanreport`. Itakutengenezea ripoti ya siku tatu, kila kukataliwa na saa yake. Hiyo haikuongopei kama watu.

Mkasulu
Na muulize mtu ni nini kinapanda kwenye laini kwenda Dar saa saba. Kuna kitu tu.

Mwisho wa Reli
Wakuu, nimerudi. Nimefanya kama Fundi alivyosema na laptopu yangu imekataliwa mbele ya watu wote, wamefurahi kweli. Pingi ilikuwa inapotea vipande vizima. Ripoti za laptopu tatu nimezilaza pamoja: zote zinakatika kuanzia saa saba, zinatulia karibu na saa tisa.

Kinachopanda ni nakala ya akiba (backup) ya mfumo wa mahesabu. Iliwekwa saa saba mchana kwa sababu "watu wako kula". Nimeihamishia saa nne usiku, na kwenye rauta pakiti za RADIUS nimezipa kipaumbele. Jana na leo mchana hakuna aliyeniita.

Nimewaandikia Dar kuomba RADIUS ya akiba ikae hapa Kigoma, maana laini ikikatika kabisa hakuna anayepiga hodi upya atakayeingia. Wamejibu huko kwao kila kitu kiko sawa.

Mama Mawese
Hao wa Dar watumie zile ripoti tatu, na umuweke meneja wako kwenye nakala ya barua pepe.

Binti Katubuka
Na wale wawili wa akaunti kufungwa?

Mwisho wa Reli
Mmoja ilikuwa simu kweli. Wa pili ni bosi, ana tabuleti iko nyumbani kwa watoto, anakuja nayo Ijumaa tu. Natafuta namna ya kumwambia ailete.